Majengo Yetu Yana Sauti, Tujifunze Kuyasikiliza

Debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu mwenye maneno mengi, lakini ndani yake mna ukweli wa fizikia ambao wanafunzi wetu wengi huupita bila kuutazama. Kila kitu kigumu kikigongwa hutoa sauti yake, na sauti hiyo hutegemea uzito wake, ugumu wake na uzima wake. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa pesa, maana anajua kwamba chungu chenye ufa hakilii kama kizima. Katika nchi nyingi, wafanyakazi wa reli wa zamani walikuwa wakigonga magurudumu ya garimoshi kwa nyundo, wakitafuta nyufa ambazo macho hayakuweza kuziona.

Wahandisi wa leo wameuchukua ujuzi huo huo wakautia vipimo. Nyundo yao ina kihisi kichwani kinachopima nguvu ya pigo. Kihisi kingine hubandikwa juu ya kitu kinachochunguzwa ili kipime jinsi kinavyotikisika. Vipimo hivyo viwili huingizwa katika kompyuta, nayo hulinganisha pigo na jibu lake, kisha huonyesha ni mitikisiko ya kasi gani ambayo kitu hicho huiitikia kwa nguvu zaidi. Hayo ndiyo masafa asilia yake. Mtaalamu akigonga mahali pengi huku kihisi kikikaa pale pale, hupata pia umbo la kila mtikisiko, yaani sehemu ipi hucheza na ipi hutulia. Kazi hiyo huitwa uchanganuzi wa modi.

Huku si kugonga ovyo. Ncha ya mpira huamsha mitikisiko ya polepole, ilhali ncha ya chuma hufikia hata ile ya haraka sana. Nyundo ikidunda na kugonga mara mbili, pigo hilo hutupwa. Kila mahali hugongwa mara kadhaa ili ithibitike kwamba jibu ni lile lile. Na jengo likiwa kubwa mno hata pigo la nyundo lisilishtue, wataalamu huutegemea upepo na magari yapitayo kulitikisa.

Kwa nini niyalete haya mbele ya walimu na wanafunzi? Ni kwa sababu taifa letu limezika watu wengi mno kutokana na majengo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Mnamo Juni 2017, daraja la Sigiri katika Kaunti ya Busia lilianguka hata kabla ya kukamilika. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, darasa la shule moja eneo la Dagoretti liliwaangukia watoto waliokuwa wameanza tu masomo ya siku. Kila mara tulisikia hotuba na ahadi za uchunguzi, tukaona alama za X zikichorwa ukutani kwa rangi nyekundu. Kisha tukasahau.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nyundo ingeyazuia maafa hayo. Saruji hafifu, msingi mbovu na amri zinazopuuzwa ni mambo ya sheria na maadili, wala hakuna chombo kinachoweza kushika nafasi ya dhamiri. Hoja yangu ni nyingine. Hata pale tunapotaka kwa dhati kujua kama jengo au daraja limeanza kudhoofika, hatuna cha kulinganishia, kwa sababu hatukulipima lilipokuwa zima.

Kuna funzo kubwa kutoka Marekani kuhusu jambo hili. Mwaka 1993, huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, daraja la barabara kuu ya I-40 juu ya mto Rio Grande lilikuwa karibu kubomolewa. Wahandisi walipata nafasi adimu. Waliikata boriti yake moja kubwa ya chuma hatua kwa hatua, wakilitikisa daraja kwa mtambo na kulipima baada ya kila mkato. Masafa asilia hayakubadilika kwa kiasi cha maana mpaka hatua ya mwisho, wakati mkato ulipokuwa umepita nusu ya kimo cha boriti na kuutenga kabisa ukingo wake wa chini. Fauka ya hayo, joto la mchana na baridi ya usiku pia huyabadilisha masafa ya daraja. Kwa hivyo kipimo kimoja kilichochukuliwa siku moja hakitoshi kumpa mtu yakini.

Mama yeyote aliyebeba kadi ya kliniki anaielewa hoja hii. Muuguzi hawezi kusema kwamba uzito wa mtoto umepungua kama hakuna aliyeuandika mwezi uliotangulia. Napendekeza basi kwamba kila daraja la umma, na kila shule ya ghorofa, vipimwe siku vinapokabidhiwa na kupimwa tena baada ya kila muda uliowekwa. Matokeo yawekwe katika faili ambayo mwananchi anaweza kuisoma. Wanafunzi wa uhandisi katika vyuo vyetu vikuu waishiriki kazi hiyo kama sehemu ya masomo yao.

Mwalimu wa sekondari naye asingoje vifaa vya bei ghali. Achukue ubao mrefu, auweke juu ya mawe mawili, afunge katikati yake simu yenye programu ya kupimia mtikisiko, kisha augonge kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Wanafunzi waandike masafa wanayoyapata. Baadaye aukate ubao kidogo kwa msumeno upande wa chini, wapime tena na kulinganisha. Waongeze pia simu ya pili, waone jinsi uzito wa chombo chenyewe unavyoyashusha masafa. Watakuwa wamejifunza fizikia na pia tabia ya kuweka kumbukumbu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tunayoihitaji zaidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ila anayetaka kuziba ufa sharti kwanza ajue upo, na kwa nyufa zilizojificha ndani ya boriti na nguzo, macho matupu hayatoshi. Walimu wakianza kulifunza hili sasa, huenda wahandisi na wakaguzi wa kesho wakaja kazini wakiwa na daftari la vipimo, badala ya kuja na kopo la rangi nyekundu.