Msiwaroge Wagonjwa kwa Kalamu

Nina neno na waandikaji wa hadithi na michezo ya kuigiza, nami ni mmoja wao. Neno lenyewe ni hili: tunawasingizia wagonjwa. Tukitaka mtu wa hadithi aadhibiwe, tunampofusha. Tukitaka watu wacheke, tunampa kigugumizi. Tukitaka waogope, tunamwangusha kwa kifafa. Hatumwulizi mtu ye yote ugonjwa huo huanzaje na huendaje. Twaandika tu.

Mimi nilifanya hivyo. Niliandika mchezo kwa vijana wa kanisa letu la kijijini. Kijana analala mzima, anaamka miguu haiendi. Katika sehemu ya pili shangazi yake anashtakiwa kwa uchawi. Katika sehemu ya tatu shangazi anaungama, na papo hapo kijana anasimama na kucheza ngoma. Watu walipiga makofi sana. Kati yao alikuwapo mama mmoja atembeaye kwa fimbo mbili. Aliondoka kabla ya mwisho. Kesho yake watoto walimfuata njiani wakiuiga mwendo wake na kumwuliza ni nani aliyemroga. Maneno hayo waliyatoa wapi? Katika kalamu yangu.

Ugonjwa wa mama yule siujui hata leo, maana sikumwuliza. Lakini niliona haya, nikaenda kwa mwuguzi mmoja nikamsimulia mchezo wangu. Hakucheka. Akaniambia, «Mwalimu, kuna ugonjwa unaoua miguu ghafla namna hiyo. Unaitwa konzo. Nao hautoki kwa shangazi. Hutoka jikoni.»

Konzo ni neno la Wayaka wa Kwango, huku huku Kongo; daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Muhogo mchungu una sumu. Ukilowekwa siku tatu hivi, kisha ukaanikwa vema, sumu hiyo hupungua sana. Siku zikikatwa, sumu hubaki; na mtu asiyepata maharage, samaki wala nyama hukosa kitu cha kuishinda mwilini. Ndipo miguu yote miwili hukakamaa, pengine kwa siku moja tu. Huwashika zaidi watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi. Hauzidi siku kwa siku, lakini pia hauna dawa ya kuirudisha miguu ilivyokuwa.

Mwaka 1981 ulipita Msumbiji wakati wa ukame, ukawapata watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1985 ulifika Tarime, Tanzania, wakati wa ukame vilevile. Kwetu Bandundu sababu ilikuwa nyingine: barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wachuuzi wengi, na watu wakapunguza siku za kuloweka ili wauze upesi. Fedha ziliingia nyumbani, miguu ya watoto ikalipa.

Sasa, niambieni: mchezo gani una uchungu zaidi? Ule wa shangazi mchawi, au ule wa mama aliyeepua muhogo majini siku ya kwanza kwa sababu watoto walikuwa wakilia njaa? Huyu hakumchukia mwanawe. Alimpenda, akamlisha. Mimi nilikuwa na habari kama hiyo karibu nami, nikaiacha, nikashika uongo.

Najua mtanijibu, «Hadithi ni hadithi.» Sawa. Mtu wa hadithi hayupo, lakini ugonjwa wake upo, na wanaougua wameketi mbele yetu juu ya viti. Mwingine atasema, «Watu wanapenda uchawi.» Watu wanapenda pombe pia, je, tuwapikie? Aliyetazama mchezo wangu alirudi nyumbani akimwogopa shangazi yake, na usiku ule ule akala muhogo usiolowekwa sawasawa. Nilimpa adui asiyekuwapo, nikamficha aliyekuwapo. Nasi twajua huku Kivu maneno ya uchawi yanawafikisha wapi bibi zetu wazee. Hata wanafunzi wa Bwana walitaka kujua ni nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu. Naye hakukubali kumtwika mtu kosa hilo.

Wa tatu atasema, «Sisi si waganga, wala hatuna vitabu.» Basi tuulize! Hapa Lemera tuna hospitali. Iliposhambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa waliuawa humo pamoja na wauguzi. Hata hivyo kazi ilianzishwa tena. Watu wa moyo wa namna hiyo hawatakosa nusu saa ya kumjibu mwandikaji. Mwulize mwuguzi ugonjwa hutoka wapi, na hauwezi kufanya nini. Mwulize anayemhudumia mgonjwa kazi za asubuhi ni zipi. Kisha mwulize mgonjwa mwenyewe, kwa adabu, ni neno gani la watu limuumizalo. Lakini siri yake usiipeleke jukwaani.

Mchezo wangu nimeuandika upya. Hakuna mchawi ndani yake, na kijana hasimami mwishoni. Anapewa fimbo mbili, na shangazi yake ndiye anayezichonga. Makofi yakipungua, na yapungue.