Mbele ya majirani nilisema mbili

Leo nataka tuongee juu ya watu wa ankete. Kila mkimbizi anawajua: wanakuja na tableti, wanauliza maswali nusu saa, wanasema asante, wanaenda. Hapa Bujumbura tunawaona, kambini ndio usiseme.

Mimi ni volonteri, nimewatafsiria mara nyingi. Siku moja tulifika kwa mama mmoja kambini. Swali lilikuwa: "Jana mlikula mara ngapi?" Mama akaangalia tableti, akaangalia majirani waliosimama mlangoni, akajibu: "Mara mbili." Nikabonyeza mbili, tukaenda nyumba inayofuata.

Jioni nilipita pale peke yangu, bila fulana ya shirika wala beji. Akanipa kigoda. Tukaongea juu ya Uvira, juu ya mtoto wake anayekohoa. Ndipo akasema: "Mtoto yangu, jana watoto walikula mara moja tu. Mimi sikukula. Sasa ningesema vile mbele ya watu?" Kesho yake nilimwambia kiongozi wa timu. Akasema fomu imeshatumwa. Ile mbili iko kwenye hesabu mpaka leo, na kidole kilichoibonyeza ni changu.

Msinielewe vibaya. Sisemi dodoso ni kitu kibaya. Chakula, mahema, madaftari ya shule, vyote vinagawanywa kwa hesabu, na asiyehesabiwa hapati. Huwezi kukaa kwenye kigoda cha kila familia kama kambi ina maelfu ya watu. Lakini namba inakwambia wangapi, haikwambii kwa nini. Mmoja anaongeza kwa sababu ya aibu, mwingine anapunguza akidhani ataongezewa msaada. Kwenye tableti wote wanaonekana sawa.

Kuna njia nyingine, na ilishafanyika karibu na sisi. Mwaka 1985 na 1986, mtafiti Liisa Malkki alikaa karibu mwaka mzima Tanzania na wakimbizi wa Burundi, wale waliokimbia mauaji ya 1972. Wengine walikuwa kambi ya Mishamo, wengine mjini Kigoma. Akasikiliza hadithi zao, akaona tofauti kubwa. Wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni, wakishika sana historia yao na siku ya kurudi. Wa Kigoma walijichanganya na wenyeji, na wengi hawakupenda kujitambulisha kama wakimbizi. Fomu ingewaandika wote "Mrundi, mkimbizi", basi imekwisha. Katika kitabu chake cha 1995 anaeleza kwamba alifaulu kwa sababu alikubali kuacha mambo mengine bila kuyachokonoa. Mimi hapo naona heshima.

Marc Sommers naye alifuatilia vijana Warundi waliokuwa wanajificha Dar es Salaam, wakiishi kwa kushona nguo. Mtu anayejificha, utamfungulia mlango kwa fomu?

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba hivi. Kaeni na watu kwanza, halafu ndio muandike maswali. Yajaribuni kwetu kabla ya kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Maswali ya njaa na ya ndoa msiulize mbele ya majirani. Mkimaliza kuhesabu, rudini kwa familia chache muulize hesabu hiyo ina maana gani. Na matokeo mtuletee, kwa lugha tunayoelewa. Maisha ni yetu, na majibu yake tunayahitaji pia.

Na sisi mavolonteri tusijifanye hatuhusiki. Ukiona jibu limetoka kwa hofu, liandike pembeni, mwambie kiongozi kabla fomu haijatumwa. Mimi nilichelewa siku moja tu.

Wewe je, uliwahi kudanganya kwenye ankete? Ulikuwa unaogopa nini? Tuambiane, tusichekane.