Picha Zilihurumiwa, Vitabu Je?

Wanaomsifu Archer Milton Huntington, aliyeasisi makumbusho na maktaba ya Hispanic Society of America jijini New York mwaka 1904, hawachoki kuutaja uadilifu wake: kwamba alikataa kununua picha ndani ya Uhispania, asije akaipokonya nchi hiyo hazina zake, akazitafuta nje ya mipaka yake. Sifa hiyo imerudiwa mno hata imegeuka ngao ya kukingia jambo lisilokingika.

Mwaka 1902 Huntington huyo huyo alinunua kwa mkupuo mmoja maktaba ya kabaila wa Sevilla, Marqués de Jerez de los Caballeros. Picha zilihurumiwa, vitabu vikafungashwa na kuvushwa bahari.

Watetezi wake hudai kwamba kabaila aliuza kwa hiari. Hoja hii haina mashiko. Wenye picha nao wangaliuza kwa hiari, na bado Huntington hakuiona hiari hiyo kuwa inatosha. Hudai pia kwamba alitoa nakala sawia za vitabu adimu kwa manufaa ya wasomi. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini nani angethubutu kuiambia Prado ibaki na nakala ya *Las Meninas*, mradi taswira inaonekana? Mhakiki wa matini huhitaji karatasi, wino na maandishi ya pambizoni, kama vile mhakiki wa uchoraji anavyohitaji rangi yenyewe.

Wala Huntington hakuwa mbumbumbu wa fasihi: ndiye aliyetafsiri utenzi wa El Cid kwa Kiingereza kati ya 1897 na 1903. Kosa, basi, si la ujinga. Ni la ngazi ya thamani inayoiweka picha juu kama sanaa, na kitabu chini kama chombo tu cha kubebea maneno.

Ngazi hiyo haikukomea kwake. Miswada ya mashairi ya Muyaka, iliyokusanywa Mombasa na mmishenari William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, imehifadhiwa London, na ni nadra mtu kuuliza kwa nini, maadamu diwani ilichapishwa mwaka 1940.

Idara za fasihi ndizo zipaswazo kuuliza. Zikiendelea kumpongeza mkusanyaji kwa picha alizoziacha, bila kumhoji kuhusu vitabu alivyovichukua, zitakuwa zimekiri kwa vinywa vyao kwamba kile zinachokifundisha si sanaa.