Pakiti ya maziwa haimkingi fundi wa rangi

KIBARAZA CHA KITENGELA
Na Mwende Nzioka

Jumanne nilipita upande wa Noonkopir kuona milango ya kabati zangu za jikoni imefika wapi. Karakana ya fundi iko nyuma ya nyumba anayoishi: nguzo nne, mabati juu, turubai limefungwa pande zote. Nilimkuta mkewe akianua nguo mbio mbio, kwa maana kompresa ilikuwa imeanza kunguruma. Fundi alijifunga leso puani, akaingia, akapuliza mlango wa kwanza, akatoka kukohoa, akarudi. Alipomaliza wa nne akanijia akitabasamu, kope zake nyeupe kama za mzee.

"Mama, usisahau ya maziwa."

Nikampa. Hakuna aliyewahi kutengenezewa samani hapa Kitengela asiyeijua pesa ya maziwa. Tunaamini pakiti moja husafisha kifua. Wanaochomelea vyuma wanaamini hivyo, wanaopaka rangi vilevile, nami niliamini hadi juzi nilipojiuliza swali la kitoto. Maziwa huenda tumboni na rangi huenda mapafuni. Vinakutana wapi?

Popote pale havikutani. Ni desturi ya kutuliza dhamiri, na katika kaunti ya wafugaji kama Kajiado ni dhamiri ya bei nafuu mno.

Rangi wanayoipenda mafundi wetu huitwa duko, jina lililotoka kwa kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyoitengenezea magari katika miaka ya 1920. Sifa yake ni kukauka upesi. Lakini tukisema imekauka, maana yake tina, yaani kiyeyusho chake, imeondoka ubaoni ikaingia hewani, na mtu aliye karibu zaidi na hewa hiyo ni fundi. Bastola yenyewe ya kupulizia ina kisa cha ajabu. Mababu zake walizaliwa hospitalini: Dkt. Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, alibuni kifaa cha kupuliza dawa kooni mwa wagonjwa mwishoni mwa karne ya 19, kisha mwanawe Thomas akakigeuza kiwe cha rangi. Kilichobuniwa kutibu koo sasa kinalipaka duko.

Tena kinalipaka kwa wingi. Bastola ya kawaida inayotumia hewa kali hupoteza zaidi ya nusu ya rangi, ambayo hugonga ubao na kurudi, au hupita pembeni. Kwenye mlango mpana wa kabati hasara ina nafuu. Ila vile vibao vyembamba vya kuzungukia milango na vya chini ya ukuta, vyenye upana wa kiganja, rangi nyingi haivigusi kabisa. Inabaki ikielea ndani ya turubai.

Na turubai limewekwa la nini? Hapo ndipo sisi wateja tunapoingia. Kitengela ni mji wa vumbi. Upepo unatoka nyika za Kapiti, malori yanapita barabara ya Namanga usiku na mchana, na viwanda vya saruji vya Athi River haviko mbali. Punje moja ikitua kwenye duko mbichi, mteja ataipitisha kidole, atakunja uso na kudai mlango urudiwe. Nimefanya hivyo mwenyewe, mara mbili. Kwa hiyo fundi anamwaga maji sakafuni, anaziba kila upenyo, anajifungia ndani pamoja na ukungu wake. Kinachoukinga mlango wangu na vumbi ndicho kinachomnyima yeye pumzi.

Leso haisaidii. Barakoa ya karatasi iliyobaki tangu enzi za korona huzuia vumbi la msasa, basi; mvuke wa tina hupenya kama haipo. Wanaochanganya rangi na hadina, dawa ya kuigandisha, wamo hatarini zaidi, kwa kuwa kemikali zake huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Mwaka 1989, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza kazi ya kupaka rangi kuwa miongoni mwa zile zinazosababisha saratani. Sijazungumzia moto: mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na mara nyingi jirani wa karakana anachomelea mageti au anachoma mahindi.

Wako majirani wanaotaka karakana hizi zifukuzwe mitaani. Harufu naielewa, nami ningekuwa na mtoto mchanga ningelalamika. Lakini sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na watu 154,436, na ploti za futi hamsini kwa mia hazijaacha kujengwa. Kila nyumba inataka jiko lenye kabati nyeupe zinazong'aa. Tukimfukuza fundi leo, kesho tutamtafuta kwa simu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikumsahau aliyejiajiri, ila mkaguzi hatafika nyuma ya kila nyumba. Mteja ndiye anayefika, tena na pesa mkononi.

Vinavyohitajika si vya kutisha. Barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, inayobana uso. Feni inayovuta hewa chafu nje, imewekwa upande wa pili wa kazi ili isimpitie fundi usoni. Bastola ya hewa nyingi yenye shinikizo dogo, ambayo hufikisha ubaoni karibu theluthi mbili ya rangi na hivyo kujilipia yenyewe kwa rangi inayookolewa. Kazi ianze asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Tunalipia bawaba zinazojifunga polepole bila kelele, tunalipia vishikio vya dhahabu bandia, halafu tunashangaa tukiambiwa kifua cha mtu nacho kina gharama. Fundi akikuletea hesabu yake wiki hii, tazama kama vichujio vimo. Kama havimo, viandike wewe, na usimpunguzie bei kwingine.

Milango yangu bado minane. Jumamosi narudi Noonkopir na barakoa kwenye mfuko. Maziwa nitayabeba pia, ya chai.