Dodoma, hizi kuta zinatutia aibu!

Wadau, wiki iliyopita niliingia ofisi moja hapa Dodoma. Ukutani wametundika picha ya theluji. Theluji, Ugogoni! Nikauliza imetoka wapi, nikajibiwa, "Dukani tu." Nikashikwa hasira.

Wachoraji tunao, ila hawana pa kufanyia kazi. Dar ilikuwepo Nyumba ya Sanaa tangu 1972, akina George Lilanga wakakulia pale. Nafasi Art Space ikafuata 2008. Sisi makao makuu? Kila ninayemuuliza anasema tusubiri mfadhili.

Tusubiri nini? Msanii anachonga bamba moja, anapiga chapa nakala 30, anazipa namba 1/30 hadi 30/30 na kutia sahihi, kisha bamba linaharibiwa. Mnunuzi ana uhakika haitatokea ya 31. Ziuzwe 50,000 kila moja, zinapatikana shilingi 1,500,000: msanii achukue chake, fungu linalobaki lilipe pango na umeme wa nyumba ya wasanii wenyewe, isiyopigia mtu magoti.

Mtasema sanaa ni anasa. Haya, na nyama choma za mwisho wa mwezi je? Wanatakiwa watumishi 30 tu, katika mji wenye wizara zote hizi!

Waliochora miamba ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, hawakuandika barua kwa mfadhili. Sisi wenye mishahara tunanunua theluji.

Naomba kutoa hoja.