Chifu Aliyetengwa na Meza ya Bwana

Wasomaji wengi wa safu hii wamjua David Livingstone kwa habari za Ujiji, alikokutana na Stanley mwaka wa 1871, na za Bagamoyo, ambako maiti yake ilifikishwa mwaka wa 1874 na akina Susi na Chuma. Habari ya leo ni ya zamani zaidi, nayo haisimuliwi sana, labda kwa sababu ndani yake hakuna mtu atokaye safi kabisa.

Katika miaka ya 1840, kabla hajawa msafiri mashuhuri, Livingstone alikuwa mmisionari kati ya Wakwena, katika nchi iitwayo leo Botswana. Chifu wao alikuwa Sechele, ambaye baba yake aliuawa na watu wake mwenyewe. Livingstone aandika kwamba Sechele alizijua herufi zote siku ya kwanza ya kufundishwa, na tangu hapo Biblia haikumtoka mkononi. Alipohubiriwa juu ya hukumu ya mwisho, alitaka kujua mbona wazee wa Wazungu, ikiwa waliyajua hayo, hawakuwaletea wazee wake habari mapema. Ni swali la haki, na majibu yaliyotolewa hata sasa si mazuri sana. Lakini Sechele huyo huyo, alipoona watu wake ni wazito wa kuamini, alishauri wachapwe kwa viboko vya ngozi ya kifaru. Livingstone alikataa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ndoa. Sechele alikuwa na wake watano, na baadhi yao ni mabinti wa wakubwa waliomtegemeza siku za taabu yake. Mwisho aliwarudisha wanne kwa wazazi wao, kila mmoja na nguo mpya, akabatizwa tarehe 1 Oktoba 1848. Wazee walilia wakidhani chifu wao amerogwa. Yafaa tukumbuke kwamba wale wanawake hawakuwa wamekosa lolote. Walirudishwa makwao kwa ajili ya wokovu wa mtu mwingine, na jambo hilo hutajwa upesi mno katika vitabu.

Tena mvua ilikosekana. Kila mkulima asomaye haya ajua maana yake. Sechele alikuwa mganga wa mvua wa sifa, naye aliacha kazi hiyo kwa ajili ya imani. Jua lilipozidi kuwaka mwaka baada ya mwaka, watu walisema ni Livingstone aliyemfunga chifu kwa uchawi.

Basi mwaka wa 1849 ikajulikana kwamba mmoja wa wale wanawake ana mimba ya Sechele. Chifu hakukana. Livingstone alihuzunika mno, akamtenga na Meza ya Bwana. Sechele alimsihi asimwache kwa ajili ya jambo hilo, kwa kuwa yeye hatamwacha Yesu.

Sisi makarani twapenda hesabu ifungwe mwisho wa mwezi. Kama ningalipewa daftari la misheni ile mwaka wa 1849, ningaliandika: aliyebatizwa mmoja, aliyeanguka mmoja, baki hakuna. Husemwa mara nyingi kwamba Sechele ndiye mtu pekee aliyeongolewa na Livingstone.

Na huyo aliyemtenga, je? Mwaka wa 1852 alimpeleka mkewe Mary na watoto wao wanne Uingereza, wakaishi huko kwa shida na upweke, naye akaendelea na safari. Katika msafara wa mto Zambezi, ulioanza mwaka wa 1858, aligombana na wenzake, akamfukuza mchoraji Thomas Baines kwa shtaka la wizi lisilokuwa na haki. Hakuna aliyemtenga na Meza kwa hayo. Dhambi ya Sechele ilionekana tumboni mwa mwanamke, ndiyo maana ikaandikwa. Ukali wa moyo hauonekani hivyo. Hata katika makanisa yetu, aketiye benchi la nyuma kwa sababu ya mke wa pili ajulikana na wote, na mwenye ulimi wa kuua huimba mbele.

Sisemi kanisa lisiwe na sheria. Ninalosema ni kwamba kufunga ushirika ni kazi ya mzee wa kanisa, bali kufunga hesabu ya mtu si kazi yake. Yakobo alimdanganya baba yake kipofu, na Petro alimkana Bwana wake kando ya moto. Kama Mungu angalingoja chombo kisicho na ufa, asingalipata hata kimoja cha kutekea maji.

Mwaka wa 1852 Makaburu walimshambulia Sechele huko Dimawe, wakachukua watu wengi mateka, na nyumba ya Livingstone katika Kolobeng ikavunjwa na vitabu vyake kuraruliwa. Livingstone hakurudi tena kukaa pale. Sechele alifunga safari kwenda kumlalamikia Malkia wa Uingereza, akafika Cape Town, fedha zikamwishia, akarudi. Watu waliowakimbia Makaburu walikuja kukaa chini yake, na kabila lake likawa kubwa kuliko kwanza. Akawafundisha kusoma. Akaongoza sala mwenyewe, angali ametengwa, na mmisionari hayupo.

Alikufa mwaka wa 1892, miaka 19 baada ya Livingstone. Wamisionari waliokuja kukaa kwake walilalamika kwamba chifu hakuacha kabisa mambo ya mvua. Lakini waliposimama kuhubiri, walikuta watu waliokwisha kuijua Biblia.