Afya ya Nyumbani: Mwasho wa Pareto

Huko Mufindi katika Iringa, na juu ya milima ya Mbeya, watu wengi hulima pareto, yaani lile ua jeupe lenye moyo wa manjano. Sifa yake twaijua: unga wake huua wadudu. Lakini wako wachumaji ambao ua hilo huwadhuru ngozi, wakatoka vipele, wakavimba kope, wakajikuna hata kutoka damu.

Mama mmoja alitujia akilia. Jirani zake walikwisha mtengea kikombe na mkeka, wakinong'ona kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Wengine walisema amelogwa. Tulipomwuliza habari za kazi yake, alijibu, “Nachuma pareto tangu usichana wangu, wala haikunidhuru. Itakuwaje leo?”

Basi hapo ndipo wengi wanapopotea. Neno mzio wazee walilitumia kwa chakula ambacho mtu hakili kwa kuwa humdhuru au ni mwiko kwake. Siku hizi waganga wa hospitali wamelitwaa kwa ugonjwa huu, nasi twaona limefaa sana. Mwili waweza kukivumilia kitu miaka mingi, kisha ukakikataa. Na tangu hapo hata kukigusa kidogo huleta mwasho. Tena hauji papo hapo, ila kesho yake au kesho kutwa, hata mtu asiyadhanie maua aliyoyachuma juzi.

Upele ni kitu kingine. Huo huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na huenea nyumba nzima, hata yapasa wote watibiwe pamoja. Mzio hauambukizi kamwe.

Mwenye mzio wa pareto avae mikono mirefu na glavu, anawe kabla ya kujigusa uso, na nguo za shambani asiingie nazo chumbani. Maua yasianikwe anapolala. Miezi ya baridi, Juni na Julai, ngozi hukauka na mwasho huzidi. Ajipake mafuta yasiyo na manukato. Dawa ya kupaka aiombe zahanati, asinunue sokoni asiyoijua, maana nyingine hukondesha ngozi ya uso. Lakini midomo ikivimba na pumzi ikibana, apelekwe hospitali saa ile ile.

Mama yule sasa hulima viazi, na dada yake ndiye achumaye pareto. Mkeka wamemrudishia.